Mzima wa Afya

14 Januari

Kwa binti yangu, daktari wa karatasi,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya kama mimi niliyeiandika. Cherehani nayo haijambo, nimeibadilishia mkanda.

Basi nimekwenda, kama ulivyonisumbua. Usije ukasema tena mama yako kichwa kigumu. Wamenilaza kwenye kitanda chembamba kama ubao wa kupigia pasi, wakanibandika nyaya kifuani, wakanipulizisha kwenye mrija mpaka nikaona nyota. Nesi wa utafiti ni msichana mpole mwenye mwanya. Moyoni nimempa jina Mwanya, ila usoni namwita sista. Alinisomea karatasi zote: kwamba mapafu yangu yana makovu, kwamba dawa hii mpya huenda ikayalegeza na huenda isisaidie kitu, kwamba wengine tutapewa dawa yenyewe na wengine kidonge kitupu, na hakuna anayejua nani kapewa kipi, hata daktari. Nikamuuliza, sasa mtu akipewa kitupu si ametumwa dukani bila hela? Alicheka mpaka mwanya wote ukaonekana. Nikatia sahihi.

Alisema na mengine kuhusu moyo na kizunguzungu, lakini hapo nilikuwa nimeshachoka kusikiliza, nawaza pindo za sare za shule zilizokuwa zinanisubiri.

Umeniuliza kwa nini sipokei simu. Simu inakata maneno, mama, na nikisikia sauti yako nalia, halafu na wewe unalia, tunaagana hatujasemezana kitu. Barua utaisoma mara nyingi utakavyo. Tunaandikiana tangu uko shule ya bweni, tusianze ujana leo.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie vipimo vya suti yake bado ninavyo.

Mama yako,
mzima wa afya


27 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, kazi ndiyo inayonimeza. Lile neno lako la kutumwa dukani bila hela nimewasimulia ofisini, sasa kidonge kitupu kila mtu anakiita "mtumwa dukani".

Nimezungumza na mkuu wangu, na ni vizuri ujue tulivyokubaliana. Kwa kuwa wewe ni mama yangu, karatasi za kituo chenu hazitapita mezani kwangu. Anazishika mwenzangu wa chumba cha pili. Mimi sitajua umepewa kipi wala umejibu nini, na wewe usiniulize habari za dawa, wasije wakasema nimekufundisha majibu. Hapo tukilegea tunaharibu kazi ya watu wengi. Ya ugonjwa msimulie nesi, mimi nisimulie ya nyumbani.

Naomba tu hii ifanikiwe. Sijawahi kukueleza vizuri kilichotokea kwenye ule utafiti wa kwanza, wa figo. Wagonjwa wachache walianza kuanguka ovyo, wakasema, na haukupita mwezi kila kitu kikafungwa. Walikuja na makufuli, Mama. Kazi ya miaka tukaibeba kwenye maboksi, nikarudi kukaa kwako nikilala mchana kama paka. Safari hii wameniahidi kwamba matokeo ya nusu safari yakitoka mwezi wa sita, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wakubwa kuyasoma. Mimi, mtoto wa mshona sare.

Mchumba anakusalimu.

Wako,
Daktari wa Karatasi


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, na leo siyo salamu tu.

Umesema nisikusimulie ya dawa, sikusimulii. Nakusimulia ya ngazi. Ngazi za nyumba yetu unazijua. Mwaka jana nilikuwa nazipanda kama mwizi, nakanyaga moja nasikiliza, nakanyaga nyingine nasikiliza, nikifika juu nakaa kwenye ile ndoo niliyoigeuza kichwa chini. Basi juzi nimepanda na bunda la kitambaa begani, nikaingia ndani, nikawasha pasi, ndipo nikakumbuka kwamba sikukaa. Nilirudi mlangoni kuitazama ndoo kama mtu aliyesahau kumwamkia jirani. Sasa nimeirudisha bafuni, ifanye kazi yake.

Mzee wa Redio, mpangaji wa chini, ameniuliza nani siku hizi anaimba huku juu. Nikamwambia ni zile redio zako, zimechoka kukusubiri zimejitengeneza zenyewe. Amekasirika siku nzima.

Nakushonea koti la kusimamia mbele ya hao wakubwa. Kitambaa ni bluu iliyokoza, bitana nyepesi isiyokwama, na mfuko wa ndani wa kalamu, maana daktari wa karatasi bila kalamu ni kinyozi bila wembe. Nitumie vipimo. Au ni vilevile? Unakula?

Mama yako,
mzima wa afya (uliza ngazi)


2 Aprili

Mdogo wangu mwenye mdomo,

Nakuandikia wewe kwa sababu lazima mtu mmoja ajue, na hapa nyumbani hata paka sina.

Hii dawa ya majaribio inanifaa. Mimi sikutumwa dukani bila hela, naapa. Napumua kama msichana. Lakini kuna kitu kingine. Jumamosi nilikuwa kwenye cherehani natia zipu kwenye sketi ya mtu, nikasikia moyo umeruka kama uzi unaokatika, halafu dunia ikazimwa. Nilipozinduka shavu langu lilikuwa juu ya kitambaa na sindano imepita kwenye ukucha. Haikuwa muda mrefu, chai ilikuwa bado ya moto. Damu nimefuta, sketi nimefua, mwenyewe kaja kaichukua na kushukuru.

Najua utaniambia nikaseme hospitali. Usiniambie. Ule utafiti wa figo wa mtoto ulifungwa kwa sababu watu walisema wanaanguka. Ulimwona aliporudi hapa, alivyokonda mpaka nikawa napunguza viuno vya sketi zake kila wiki. Nikisema nimeanguka watakuja na makufuli yao, na atakayekuwa amemfungia mlango ni mimi niliyemzaa. Na kuna la pili, nikwambie ukweli. Sitaki waninyang'anye pumzi. Wewe hujawahi kukaa miaka unavuta hewa kupitia tundu la sindano. Mimi nimerudishiwa, na siwapi tena.

Akikuuliza habari za simu, mwambie ni mbovu. Zamani nilikuwa naikwepa asisikie ninavyohema. Sasa naikwepa kwa sababu mtoto yule akinisikia tu, atajua nimeficha kitu.

Choma barua hii.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, nimekaa juu ya gunia la unga, wanafunzi mia tatu wananisubiri mimi na mwiko wangu. Nimetoka humo mweupe mgongo mzima, wakanicheka. Sikuwa na nguvu hata za kuwafokea.

Wewe ni hivyohivyo tangu utotoni. Ulivunjika mkono kwa kuruka ukuta, ukala chakula cha jioni kwa mkono wa kushoto, mama akikuuliza vipi, unasema nzuri tu mama. Mpaka mkono ukavimba kama boga. Wahenga hawakuwa wapumbavu waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, na ninakuandikia neno hilo huku nikigonga mbao lisikupate.

Unasema hutaki kumfungia mtoto mlango. Je, alikuambia yeye kwamba utafungwa? Umeuliza? Au umekata kitambaa kabla ya kupima, wewe fundi mzima?

Nitanyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, na nanyamaza shingo upande. Ukianguka tena namwandikia mwenyewe.

Mdogo wako mwenye mdomo


5 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sote huku hatujambo. Habari za ngazi nimezisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Niliibeba hadi kazini, nikamwonyesha mfagizi kwa sababu yeye tu ndiye ninayeruhusiwa kumwonyesha.

Kazi inakwenda kuliko tulivyotarajia. Kuna jambo moja limejitokeza kwa baadhi ya wagonjwa, na limeshapatiwa ufumbuzi mwepesi kabisa, lakini kwako siruhusiwi kulisema. Niliandika mstari mzima kisha nikaukata, ndiyo maana hapo juu pamechafuka. Usijaribu kuusoma, nimekata kwa wino mzito makusudi. Nakuomba tu hivi: nesi akikuuliza jambo, mjibu kama lilivyo. Usimjibu kistaarabu. Wewe una ustaarabu mwingi mno.

Vipimo ni vilevile, Mama. Nakula vizuri. Mchumba anakusalimu, yuko safarini.

Wako,
Daktari wa Karatasi


20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mstari wako nimejaribu kuusoma, nimeuweka dirishani kwenye mwanga, nimeugeuza nyuma. Umekata kweli. Ungekuwa fundi ningekuajiri.

Mimi mzima wa afya. Kizunguzungu na mengineyo nayasikia kwa majirani. Nina mkwaruzo kidogo juu ya nyusi, nakwambia mapema usije ukaletewa habari na wambea: mlango wa kabati, ule wa kushoto, unajua ulivyo na kiherehere. Mzee wa Redio ameukazia skrubu.

Koti limekwisha. Nimelituma kwa dereva wa basi, kalichukue Alhamisi. Kola nimeifumua mara tatu. Mabegani nimeacha nafasi kidogo, maana mtu akisimama mbele za watu anavuta pumzi kubwa. Vuta mwanangu, mapafu ndiyo utajiri. Nilikuwa sijui.

Nimepokea na gauni la bibi harusi, mteja wa mtaa wa pili. Ana haraka kama anakimbizwa. Nitalimaliza mwezi wa sita.

Ukisoma matokeo yako, niandikie neno kwa neno walivyopiga makofi.

Mama yako,
mzima wa afya


9 Juni

Mdogo wangu,

Umesema nikianguka tena unamwandikia, kwa hiyo ilibidi nifikirie kama nikuambie. Nimeanguka tena. Mara moja jikoni, hapo ndipo nyusi ilipopasuka, kabati halina kosa. Mara nyingine sokoni, nikashika meza ya mtu wa vitunguu, nikajifanya nachagua.

Usinifokee kwanza, nisikilize. Wiki iliyopita nilikwenda kliniki na nia ya kusema. Naapa nilikuwa nayo. Wakanibandika nyaya, na moyo, mnafiki yule, ulitulia kama mtoto mbele ya wageni. Karatasi ikatoka safi. Kisha Mwanya akaniuliza kama anavyouliza siku zote, mama, habari za tangu tuonane. Nikasema nzuri. Sasa mtu akikuuliza habari utasema nini? Hata msibani unaanza na nzuri, ndipo unasema ila tumefiwa. Mimi nilisema nzuri, na kabla sijafika kwenye "ila", akawa ameanza kusoma maswali yake. Kizunguzungu? Hakuna. Kuanguka? Sijaanguka. Anaweka alama mbiombio, foleni nje imefika getini.

Nilipofika mlangoni niligeuka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaniangalia amechoka, akatabasamu, akasema, "Wagonjwa wote wangekuwa kama wewe mama, kazi hii ingekuwa raha." Nikaona haya kumharibia siku.

Lakini nimejiwekea mpaka. Mtoto anasoma matokeo tarehe ishirini na tano. Ishirini na sita asubuhi nakwenda kwa Mwanya namwambia yote, na nyusi namwonyesha. Wakitaka kufunga wafunge, mwanangu atakuwa ameshasimama mbele ya watu na koti lake. Hilo hakuna wa kumfumulia.

Nipe hizo siku chache tu. Nimekupigia magoti, na magoti yangu unayajua.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Nimemwandikia mwanao mara mbili, na mara mbili barua nimeitia jikoni. Ya kwanza niliona ni ya kukusaliti. Ya pili niliona aibu kuiandika baada ya kuichoma ya kwanza. Sijielewi.

Shule inafungwa tarehe ishirini na saba. Nakuja. Kama hujasema, nitakushika mkono mwenyewe mpaka kwa huyo Mwanya wako na nitasema mimi, unanijua nikianza. Mpaka hapo usipande wala kushuka ngazi na mzigo. Mtume mtu. Mwite Mzee wa Redio apande, ana miguu miwili na hana kazi.

Dada, nakuogopea. Sijui kuiandika vizuri zaidi ya hivyo.

Mdogo wako


25 Juni

Mama, Mama, Mama,

Shikamoo. Nimetoka ukumbini sasa hivi, nimekaa kwenye benchi la bustani ya hospitali, viatu nimevua.

Walipiga makofi. Umetaka neno kwa neno: walianza wa nyuma, kisha wa katikati, na mzee mmoja wa mbele ambaye huwa hapigi makofi hata harusini kwake, akapiga. Nilisoma kwamba kwenye kundi moja watu wanapumua vizuri kuliko walivyoingia. Nikasema "kuna mgonjwa ambaye alirudisha ndoo bafuni". Sikutaja nani, hata sikutakiwa kulisema, lilinitoka. Wakacheka, na mimi nusura nilie pale mbele.

Koti, Mama. Kila mtu ameuliza nani kashona. Nilivuta pumzi kubwa kama ulivyosema na mabega yakakaa.

Sasa sikiliza. Nimepewa likizo. Nakuja wiki ijayo, nakaa kwako mwezi mzima. Nina mambo ya kukusimulia ambayo si ya barua. Nilale kitanda changu, niamshwe na cherehani. Ugeuze ile ndoo tena, nikalie mimi nikikutazama unavyoshona.

Wako,
Daktari wa Karatasi


14 Julai

Mwanangu,

Nilitaka kuanza na natumaini hujambo. Nimeifuta.

Siku zote zile za msiba tulilala chumba kimoja na sikuweza kukuambia. Kila nikifungua mdomo anaingia mtu na sufuria. Halafu ukaondoka, nikakushika mkono kwenye dirisha la basi, bado sikusema. Nasema sasa, na ukinichukia nitakuelewa.

Mama yako alikuwa anaanguka tangu mwezi wa tatu. Mimi nilijua. Aliniomba ninyamaze mpaka usome matokeo yako, nikanyamaza. Aliamini kwamba akisema, utafiti wako utafungwa kama ule wa figo, na wewe utarudi kulala mchana kama paka. Alikuwa amepanga kwenda kusema kesho yake, tarehe ishirini na sita. Tarehe ishirini na tano asubuhi, labda wakati ule wewe unafunga vifungo vya koti, alichukua gauni la bibi harusi kumpelekea mwenyewe. Mzee wa Redio alisikia anashuka anaimba, kisha wimbo ukakatika. Anasema hakusikia kelele ya mtu anayejikwaa. Wimbo ulikatika kwanza, ndipo akaanguka. Alipotoka alimkuta chini, na gauni liko kwenye mfuko wake juu ya kifua chake, halina hata doa. Hata akianguka alikuwa anashika kazi ya mtu.

Nilikuja tarehe ishirini na saba kama nilivyopanga. Ndiyo, nilifika siku niliyosema nitafika.

Ile barua ya makofi uliyoniambia umemwandikia, nimeikuta chini ya mlango baada ya wewe kuondoka. Sikuifungua. Naiweka humu. Si yangu.

Mama yako mdogo


2 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu kweli nilikuchukia. Nilikuwa nakuchukia nikipiga mswaki, nakuchukia nikingoja lifti. Imekwisha. Sikukusamehe kwa wema wangu, ni kwamba nilimkuta mtu mwingine wa kumchukia.

Nikueleze, maana sasa wameniruhusu kuyajua yote. Mama alipewa dawa yenyewe. Dawa ile inalegeza mapafu, lakini kwa watu wachache inavuruga mapigo ya moyo, na dalili yake ni hiyo, kizunguzungu na kuanguka. Tuligundua mwezi wa nne. Aliyesema anaanguka, alikuwa anapunguziwa. Nusu kidonge, Mama mdogo. Kidonge kinakatwa katikati, basi. Moyo unatulia na mapafu yanaendelea kupumua vilevile. Kuna bibi mmoja kituo cha pili alianguka mara moja, akasema, akapewa nusu, na leo anapanda kilima. Utafiti haukufungwa. Haungefungwa hata Mama angeanguka barabarani mchana kweupe na watu wote wakaona. Ule wa figo ulifungwa kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa haisaidii kitu, na mimi sikumwambia sehemu hiyo. Nilimwambia tu habari ya watu walioanguka na makufuli.

Maelezo ya nusu kidonge alikuwa anapewa yule tu aliyejibu ndiyo. Aliyejibu hapana, nesi anageuza ukurasa. Na ule mstari nilioukata kwenye barua ya mwezi wa tano ulikuwa huo. Niliandika: Mama, ukihisi kizunguzungu sema, wanapunguza tu kidonge. Nikaukata kwa wino mzito ili niwe mfanyakazi mwaminifu. Ninapofunga macho nauona mkono wangu unakata.

Yule nesi mwenye mwanya alikuja mazikoni, sijui kama ulimwona, alikaa nyuma na watu wa mtaani. Alinishika akasema, "Alikuwa mgonjwa wangu mzuri kuliko wote." Alikuwa analia kama mtoto. Ningemwambia nini, kwamba ndiyo sababu amekufa?

Na mimi pia si msafi. Nimemwandikia mama yangu miezi yote ile kwamba sijambo. Mchumba aliniacha mwezi wa pili. Salamu zake zote nilikuwa nazitunga mimi. Nilisema vipimo ni vilevile na nilikuwa nimekwisha kama kijiti. Lile koti, siku ile, lilinining'inia. Mgongoni nililibana kwa pini na sikugeuka nyuma mbele ya watu hata mara moja. Nilitaka nije nimwambie, aniseme, alifumue, alipunguze. Mabegani tu ndipo lilipokaa, pale alipoacha nafasi ya pumzi.

Nimerudi kazini. Nimewaomba wabadilishe namna ya kuuliza wagonjwa. Wasiulize habari, maana kwetu habari ni nzuri hata nyumba inaungua. Waulize: mara ya mwisho ulikaa chini bila kutaka ilikuwa lini? Wamesema watalifikiria.

Barua ya makofi bado sijaifungua. Nayajua yaliyomo.

Nisikuulize hujambo. Nieleze ulivyo.

Binti yako


30 Agosti

Mwanangu,

Umeniambia nikueleze nilivyo. Nakueleza.

Chumba cha mama yako nimekikabidhi kwa mwenye nyumba. Cherehani iko kwangu, imefunikwa na lile shuka la maua. Bibi harusi alilia, akataka kuliacha gauni, nikamwambia livae, lilishwe keki, lichezwe, ndivyo alivyotaka aliyelishona. Ndoo Mzee wa Redio aliiomba. Sikumuuliza ya nini. Nilipopita kuaga nilimkuta ameigeuza kichwa chini, ameikalia pale chini ya ngazi, redio zote zimezimwa.

Mimi silali vizuri. Namsemesha mama yako jikoni, wapishi wenzangu wanajifanya hawasikii. Na tangu wiki iliyopita kifua kinanibana nikinyanyua sufuria kubwa. Nilisema ni majonzi, yatapita. Kisha nikaisoma barua yako tena, nikavua aproni, nikaenda hospitali na harufu yangu ya vitunguu.

Nesi wa pale simjui. Si Mwanya, ni mama mtu mzima, mkali, na foleni ilikuwa imefika getini. Akaniuliza bila kuinua macho, habari yako mama. Nilisikia nzuri imeshafika kwenye meno, mwanangu. Imekaa pale tayari kutoka, kama ilivyotutoka miaka yote. Nikaimeza. Nikasema, "Mbaya."

Nilidhani ataniona sina adabu. Nilidhani foleni nzima itageuka. Alisimamisha kalamu, akaniangalia, akavuta kiti, akaniambia nikae nimweleze tangu mwanzo. Nikaeleza na kulia mpaka nikamaliza, na hakunikatiza. Wamenipa vidonge vya presha, na nirudi baada ya wiki mbili.

Nilipotoka nilikaa kwenye ukuta wa hospitali. Nilikuwa nakifikiria kile kiti. Kilikuwa pale siku zote, cha plastiki, kimepasuka mguu mmoja. Mama yako naye angevutiwa kiti.

Mama yako mdogo,
si mzima sana